Kijiwe cha Kimkakati

Kuanzia Jumatatu ile, kila mfanyakazi wa kiwanda cha magodoro alikuwa mwanamkakati. Tangazo lilibandikwa hadi mlangoni mwa choo, likiwa na saini ya Meneja wa Ushirikishwaji, mtu aliyewapenda wafanyakazi kwa moyo wote, hasa wakiwa kimya.

Jukumu lake lilikuwa nyeti. Wamiliki walitaka idara moja ifungwe. Meneja alikwisha kuichagua ya ushonaji, ila alitaka washonaji waipendekeze wenyewe, kwa hiari yao. Ndiyo maana akaanzisha Kijiwe cha Kimkakati, ukumbi wa mtandaoni kwenye simu zao. Pendekezo likiungwa mkono na wote limepita, halijadiliwi tena.

Wiki nzima aliyeandika ni mlinzi peke yake, akiuliza nani kachukua mwavuli wake. Meneja akamwita fundi wa kompyuta.

"Kila pendekezo lipate dole gumba la kila mtu, papo hapo."

"Bila wao kubonyeza?"

"Watu wana kazi, ndugu yangu. Tuwapunguzie mzigo wa kufikiri."

"Na dole lako, bosi?"

"Langu liwe la kwanza. Kiongozi ni mfano."

Siku ya uzinduzi wamiliki walikaa mbele, Kijiwe kikionekana kwenye skrini ukutani. Meneja alikuwa na pendekezo tayari kwenye simu, kwa jina la "Mshonaji Mzalendo", limebaki kutumwa tu. Lakini kwanza akahutubia, akawakumbusha kwamba pendekezo likipita halijadiliwi tena. Aliingia kwenye mada ya ujumuishi, akatoka, akarudi tena. Nyuma kabisa, mshonaji waliyemwita Mama Sindano hakuwa na hamu ya ujumuishi. Alikuwa na watoto wa kulisha, na umbea wa kufungwa kwa idara yake ulikwisha kumfikia. Hasira zikampanda, akaandika.

Skrini ikalia: "Ifungwe Idara ya Ushirikishwaji. Tunaongea vizuri tu bila Meneja wake."

Madole yakamiminika, la Meneja likitangulia. Akainua mikono yote miwili.

"Mama, hilo... hilo tulijadili kwanza!"

"Halijadiliwi tena, mwanangu. Umetuambia mwenyewe sasa hivi."

Mmiliki mkubwa alisimama, machozi yakimlenga, akampa Meneja mkono.

"Kuikubali hii, tena wa kwanza! Miaka yote tumetafuta kiongozi asiyejipendelea. Leo tumempata, bahati mbaya hana idara."