Dirisha la Ngoma ya Kanisa

Jumatatu, 7 Novemba 2011
Mvua. Mvua tena. Ngoma ya kanisa imelegea kama shavu langu. Jana niliipiga, ikatoa sauti ya mtu anayekohoa chini ya blanketi. Kwaya ikacheka. Mchungaji akafumba macho, akajifanya anaomba. Jirani yangu Nehemiya, shemasi, mtu wa meno mengi, akasema mbele ya watu kwamba mzee Musoni, yaani mimi, aachie wengine ngoma, yeye atupigie makofi. Makofi! Jumapili ijayo ngoma isipolia vizuri, anapewa Nehemiya. Hataipata. Akili ninazo. Kazi ni kuzikumbuka nilipoziweka.

Jumatano, 9 Novemba
Mbarara. Nilikwenda mtaa wa Kamukuzi kumsalimia mpwa wangu. Hakuwepo, au aliniona kwanza. Mvua ikanisukuma dukani kwa Mbabazi, muuza viatu. Kumbe kila kiatu kipya kina kifuko kidogo tumboni, kimejaa chembe kama za chumvi! Nikauliza kama ni hirizi. Mbabazi akacheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Akasema hiyo inakunywa maji ya hewa, kiatu kisioze. Inakunywa maji! Nikaviomba vyote. Akanijazia mfuko, maana yeye huvitupa tu. Halafu akanishika mkono: "Muzee, weka mbali na watoto. Hii haiko ya kula." Nikamwambia nimesoma mpaka darasa la tatu, siwezi kula viatu.

Alhamisi, 10 Novemba
Nimeileta ngoma nyumbani, nimeitoboa tundu ubavuni. Dogo. Basi, la kadiri. Vifuko vyote ndani, tundu nimeliziba kwa kitambaa. Sasa ngoma inachakacha kila ikiguswa. Si kitu, ni ala mbili kwa moja! Binti yangu Benitha akauliza kwa nini ngoma ya Mungu ina kidonda. Nikamjibu ni dirisha. Kesho anakwenda kulima upande wa Rugaaga, ataniachia Orpa, mtoto wake, ambaye ndiyo kwanza ameanza kutembea. Huyo nampenda kuliko ngoma zote. Huniamsha kwa kunivuta ndevu.

Ijumaa, 11 Novemba
Nilifumba macho kidogo, kwa kusali. (Nilikoroma.) Kuamka: kitambaa chini, kifuko kimepasuka, Orpa ana chembe midomoni, anakohoa. Sumu! Jina la kwanza kunijia ni Nehemiya. Si alimpa ndizi asubuhi? Nikapiga kelele mpaka mwisho wa kijiji kwamba shemasi amemlisha mjukuu wangu sumu. Kwetu aliyelishwa sumu hunyweshwa maziwa, nikachukua kikombe nimmiminie kwa nguvu. Nehemiya akaja mbio, miguu mitupu, akaninyang'anya kikombe. Akaokota kifuko. Akauliza kama hicho nacho ni ndizi yake.

Akambeba mtoto na kile kifuko, mbio mpaka zahanati. Mimi nyuma, kiatu kimoja. Muuguzi, Mganda mwenye sauti ya kamanda, akaangalia koo, akasikiliza kifua, akamsafisha mdomo. "Muzee, hii ya leo si sumu kali, itapita tu. Lakini inaweza kuziba koo ya mutoto. Na hiyo maziwa ya nguvu ndiyo ingemupalia." Akasema tusimtapishe. Tulifanya vema kuleta kifuko, kwa sababu viko vya namna nyingi na vingine vina dawa mbaya. Tukakaa mpaka kikohozi kikaisha na Orpa akaanza kumvuta muuguzi nywele. Nikatokwa na machozi. Nikasema ni moshi. Zahanati haina moshi.

Jumamosi, 12 Novemba
Benitha hanisemeshi. Amempeleka Orpa kwa mke wa Nehemiya, akae huko. Ndevu zangu zimelala zimenyooka, hakuna wa kuzivuta. Sina raha.

Nimekwenda na kuku kumwomba Nehemiya radhi, mbele ya walewale walionisikia jana. Kuku alipokewa upesi sana. Kisha Nehemiya akaleta kipande cha ngozi, tukaziba dirisha. Akawasha moto, tukaisogeza ngoma karibu, pole pole, ngozi ikaanza kukaza. Vifuko tumevitupa chooni. Benitha akatukuta tunacheka. Akasema Orpa atarudi, ila kitu kibaya cha kuingia mdomoni mwa mtoto kisionekane tena nyumbani kwangu. Nimeapa kwa Biblia mbili. Moja ya Nehemiya.

Jumapili, 13 Novemba
Imelia! Rwekubo yetu nzima imesikia, nakuambia! Nehemiya upande mmoja, mimi upande mwingine, Orpa katikati anatikisa matako kwa utukufu wa Bwana. Nilimshinda Nehemiya kidogo. Nimeandika hapa tu.

Jumanne, 15 Novemba
Orpa amerudi! Ndevu zinauma, asante Mungu. Lakini panya wametafuna kamba za ngoma. Nimepata dawa sokoni: vidonge vyeupe vya mviringo, harufu yake inafukuza hata wageni. Kiapo nimekikumbuka. Benitha alisema visionekane. Havionekani! Nimevificha ndani ya kikopo cha pipi, chenye picha ya mtoto anacheka.

Jioni Orpa amekiona, amekikumbatia, hakukifungua, amekipeleka moja kwa moja kwa mama yake. Msaliti! Vidonge vimekwenda chooni, na mimi nimesikia maneno ambayo binti hamwambii baba. Lakini mtoto ana akili. Sasa kila kitu anampelekea mama kwanza. Nani amemfundisha hayo? Babu yake, kwa mfano.

Kesho natafuta kikopo kisicho na picha.