Siku Moja Kavu

Jumatatu, 12 Mei

Mvua. Jana mke wangu Rispah alirudi kutoka kanisani amelowa chapachapa nyuma yangu kwenye pikipiki, kitambaa cha kichwa kimemshuka hadi puani. Leo ametoa hukumu. Safari moja tu zaidi. Akilowa tena, pikipiki inapakiwa kwenye lori, inakwenda bara kwa kaka yake Gilbert ikabebe maziwa. Maziwa! Pikipiki niliyoihangaikia miaka yote ya kuwabebea watalii sahani hapa Diani.

Na Maxwell, jirani yangu na mhudumu mwenzangu hotelini, alimpeleka mkewe Msambweni wakarudi wakavu. Wakavu, na picha juu. Anajigamba kwamba kwake hali yoyote ya hewa ni nzuri.

Mimi ninayoipenda naijua. Wingu jembamba, lami kavu, upepo wa kuingia mikononi mwa shati tu. Rispah nyuma, hana haraka. Sijapata kuomba zaidi ya hapo.

Jumatano, 14 Mei

Nimeipata siri! Nimemwamkia Bi Shutu, mama mwenye nyumba wetu, mzaliwa wa hapa. Shikamoo, marahaba, hujambo, wote hawajambo. Kisha nikamwuliza kuhusu safari yetu na mvua hizi. Kanijibu kwamba safari ya pikipiki ni kaskazi, mwanangu, hii kusi itawalowesha.

Rahisi hivyo! Msambweni ni kusini, mvua. Tiwi na Matuga ni kaskazini, kavu. Silabi ya mwisho aliimeza, lakini watu wa pwani wana lafudhi yao.

Jioni nikamdokezea Maxwell kwamba Jumamosi jua zuri litakuwa Msambweni. Akanishukuru sana. Nimejisikia vibaya. Kidogo.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua ilitupokea Tiwi. Ikatusindikiza hadi Matuga. Tulijibanza kibarazani mwa duka la mbegu, Rispah akikamua kitambaa chake bila kunitazama. Heri angenigombeza.

Kisha ikakatika. Tukapanda barabara ya Kwale chini ya wingu, ubaridi usoni, harufu ya udongo. Rispah akauegemeza uso mgongoni kwangu akasema tangu tuhamie huku hajahisi baridi ya kwetu. Nilifurahi hadi nikapunguza mwendo. Nilitaka barabara ile isiishe.

Iliisha. Mvua ikarudi, kubwa kuliko ya kwanza.

Maxwell karudi Msambweni mkavu. Ameniletea embe la kunishukuru.

Jumapili, 18 Mei

Bi Shutu amecheka hadi leso ikamdondoka. Kumbe kaskazi si upande, ni majira! Ya joto na ukavu, huanza Desemba. Na kusi ndiyo haya tuliyo nayo. Huku majira huitwa kwa pepo zake. Aibu! Lakini nimejifunza. Sitarudia maishani.

Rispah amempigia Gilbert. Gilbert anauliza inabeba mitungi mingapi. Nikamkumbusha Rispah ile barabara ya Kwale. Alikunja nguo mbili tatu. Kisha akasema haya, moja ya mwisho kabisa, na awe mkavu. Kumbe na yeye anaikumbuka.

Jumanne, 20 Mei

Nimerudi kwa Bi Shutu. Nimemweleza kwamba Desemba ni mbali mno, pikipiki itakuwa imeshanuka maziwa. Kafikiri, kasema basi Demani, mwanangu. Demani upepo ni mwanana, mvua haba, mkeo atafurahi. Nikamwuliza kama ni mbali. Kasema si mbali kama kaskazi.

Angeniambia tangu mwanzo! Nimemwambia Rispah ajiandae, Jumamosi alfajiri tunakwenda Demani. Kauliza ni wapi. Nimemwambia ni siri, ataona tukifika. Maxwell simwambii, asije akatutangulia.

Nimepitia kituo cha mafuta kujaza tangi, nikamwuliza Mwero, mhudumu wa pale, njia ya Demani. Kacheka. Ati hata nikiondoka leo, nitafika Septemba. Dharau! Hajui pikipiki yangu inavyokimbia.