Kuhusu Mume Mliyenirudishia, Ambaye Siye Niliyemleta

Kwa Daktari Hapsari,
Mkuu wa Kitengo cha Utengamao wa Majeruhi wa Kichwa,
Hospitali ya Tirtamulya.

Daktari Mheshimiwa,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti lako limepunguza maumivu. Mimi ni Wagiyem, mtengeneza tempe wa Sumberjati, mke wa Ngadiman wa kitanda cha nne, yule aliyekuwa akiwaita wauguzi wote "Bibi Harusi". Utanikumbuka. Ndiye mimi niliyekuwa nikileta tempe ya kukaanga kila Jumatatu, mkanieleza kwamba hamruhusiwi kupokea zawadi, kisha mkala. Anayeandika ni binti yangu Retno, kwa kuwa ana mwandiko mzuri; maneno ni yangu.

Naandika kulalamika. Jumatano iliyopita mlitupa fomu ya kufunga matibabu. Imeandikwa kwamba mgonjwa amepata alama saba kati ya nane, na chini yake, kwa mkono wako mwenyewe: "Amepona vizuri. Amerejea katika maisha yake ya awali." Nilimwambia Retno anisomee mara mbili. Daktari, kwa heshima zote, hilo si kweli. Ile alama moja iliyokosekana ndiyo iliyokuwa mume wangu, na mwanamume niliyenaye nyumbani ni mwingine. Ningekuja mwenyewe kulisema hili, lakini nikija mtanipa chai na nitasahau kilichonileta.

Ili tuelewane, nianze na yule wa kwanza. Tumeoana miaka thelathini na moja. Ishirini na saba ya mwanzo sina neno. Tulipika soya, tukaifunga kwenye majani ya migomba ichachuke na kugandamana iwe tempe, tukauza, tukamlea Retno. Kisha akaingia kwenye mashindano ya njiwa. Njiwa wake aliwasemesha kutwa nzima, na mimi akaniachia maneno matatu kwa siku: "Chai", "Funguo" na "Mmh".

Mama yangu alifariki siku ya Jumapili, na Jumapili ndiyo siku ya mashindano. Ngadiman alisema atarudi kabla maiti haijaoshwa. Alirudi baada ya alasiri, na tundu la ndege mkononi, watu wakiwa wanatoka makaburini. Hakusema pole. Alisema, "Amekuwa wa pili." Alikuwa anamsema njiwa.

Tangu siku hiyo tuliongea kupitia Retno. "Mwambie baba yako wali upo mezani," na baba yake ameketi karibu kiasi cha kumgusa. Tulikaa hivyo miaka miwili.

Asubuhi ya ajali ndipo nilipomsemesha mwenyewe. Nilimwambia, "Ukirudi leo hutanikuta. Naenda kwa dada yangu kule Magelang, na Jumatatu naenda mahakama ya ndoa." Akajibu, "Mmh." Akamtia njiwa wake ndani ya helmeti, akaifunika kwa kitambaa, akaitundika kwenye usukani wa pikipiki na kuondoka kichwa wazi. Kwenye kona ya mashine ya mpunga alimkwepa bata. Mimi nilikuwa nafunga nguo zangu nilipomwona yule njiwa ametua juu ya paa, peke yake. Ndege alifika nyumbani kabla ya habari.

Siku kumi na saba hakufumbua macho. Nilibaki hospitalini kwa sababu rahisi: kumwacha mtu kunahitaji mtu wa kuachwa, na yeye alikuwa hayupo wala hasikii. Nikajiwekea ahadi kwamba akiamka tu nitamwambia tena, kisha niende zangu. Basi akaamka, nanyi mkaanza kazi yenu. Malalamiko yangu ni haya.

1. Ulimi mmeufungua kupita kiasi. Bi Laras, mtaalamu wenu wa matamshi, alimfundisha maneno upya kwa miezi mitatu: kikombe, mlango, mvua. Kwa hilo nashukuru. Lakini lile komeo lililo kati ya wazo na mdomo, ambalo kila mtu mzima analo, hakuna aliyelirudisha. Kwenye harusi ya binti wa mwenyekiti wa mtaa aliulizwa kama chakula kimempendeza. Akasema, "Wali mzuri. Mbuzi alikuwa rika langu." Sokoni mteja wetu wa siku zote alimwuliza kama tempe ni ya leo. "Ya jana," akasema, "lakini hata ingekuwa ya leo usingejua." Nami nilipovaa kebaya yangu ya kijani aliniangalia toka juu hadi chini na kuniambia nafanana na mgomba. Akafikiri kidogo, akaongeza, "Napenda migomba." Mpaka sasa sijajua nilipaswa kulijibu lipi kati ya hayo mawili.

2. Daftari. Mlimvika daftari shingoni ili aandike yale anayoyasahau. Anaandika yote. Retno, msomee daktari. Retno anasema nisimwambie asome, nimwambie aandike, haya, andika: "Jumanne saa nne. Yem amesema hajakasirika. Saa nne na dakika kumi. Yem amekasirika." Daktari, miaka yote hii nilishinda kila ugomvi kwa kuwa mwenye kumbukumbu nilikuwa mimi. Leo mwenye kumbukumbu mbovu ndiye mwenye ushahidi. Na zingatia kwamba ananiita Yem, jina la usichana wangu. Mwaka wa kumi wa ndoa nilishakuwa Mama Retno, na sikuwa nimeomba kurudishwa nyuma.

3. Dakika arobaini. Mlisema ubongo wake unachoka upesi, apumzike kila baada ya dakika arobaini. Ametega saa kwenye simu. Ikilia, anaacha chochote alichoshika na kwenda kujinyoosha mkekani, hata kama soya inachemka na mwiko umo sufuriani. Juzi ililia wakati namgombeza. Nilikuwa nimefika kwenye sentensi bora kuliko zote nilizowahi kutunga, nikabaki nayo mdomoni. Alipoamka alisema, "Endelea, Yem, ulikuwa unasema mimi ni nini." Hasira ikiisha kulala dakika ishirini haiamki na nguvu ile ile.

4. Sifa. Mlitufundisha sisi jamaa zake tumsifu kwa kila hatua ndogo: amefunga kifungo, vizuri, ameshika kijiko kwa mkono wa kushoto, vizuri sana. Hamkutuambia kwamba naye anajifunza. Sasa anaisifu nyumba nzima. Nikinyanyuka kitini, "Vizuri, Yem, umesimama mwenyewe." Nikifika sokoni na kurudi, "Umeikumbuka njia." Amemsifu mkaguzi wa mita ya umeme kwa kusoma tarakimu zote bila msaada, na yule bwana tangu hapo anapita kwetu hata siku zisizo zake. Wala pua haijarudi, jambo ambalo fomu yenu haikulitaja. Zamani alijua tempe imeiva kwa kunusa tu kutoka mlangoni. Sasa analeta jani, ananishikia puani na kuuliza, "Tayari?" Nikisema tayari, ananisifu. Haya yanatokea mara nane kwa siku, na kila mara anasimama karibu yangu kuliko ilivyo lazima.

5. Mama yangu. Hapa nakuomba usome polepole.

Alipoanza kusema, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mama hajaja kuniona?" Alimaanisha mama yangu. Ninyi mlinieleza kwamba miaka minne hivi ya mwisho imemtoka kichwani, na huenda isirudi. Basi nilimwambia: Mama amefariki, huu ni mwaka wa pili. Akalia, Daktari, bega zima likitikisika, mpaka muuguzi akaja kutazama mashine. Kesho yake akauliza tena, "Mama hajaja?" Nikamwambia tena, akalia tena vilevile, maana kwake ilikuwa mara ya kwanza. Nilihesabu mara kumi na moja. Mwanamume aliyekosa mazishi mara moja akawa amefiwa mara kumi na moja mbele ya macho yangu, na kila mara mimi ndiye niliyemshika mkono.

Mara ya kumi na mbili hakuuliza. Nilifungua daftari, Retno akanisomea yale maandishi yake ya kupinda: "Mama amefariki. Usimwulize Yem, anaumia. Nenda kaburini." Sasa anakwenda kila Alhamisi jioni, Retno akimwongoza kwa sababu hupotea kwenye njia panda.

Nilipoona hivyo nikaona wakati umefika, nikamwambia yote. Nilisema, "Hukuja kumzika."

"Nilikuwa wapi?"

"Kwenye njiwa."

"Niliporudi nilisema nini?"

"Ulisema amekuwa wa pili."

Kisha akasema, "Mtu huyo ni mpumbavu."

"Ni wewe."

"Basi mimi ni mpumbavu. Nisamehe, Yem."

Neno hilo nililisubiri miaka miwili. Nililiwekea majibu makali ya kila aina. Likaja kutamkwa na mtu ambaye hakuwepo siku ya kosa, tena kwa upole, huku ameniangalia usoni. Nimgombeze nani? Na tabu haikuishia hapo, kwa sababu aliliandika. Kila asubuhi anausoma ukurasa huo na kuniomba msamaha upya kabla ya chai. Tumefika mara ya arobaini na kitu. Nimemwambia nimeshamsamehe, aliandike hilo nalo. Ameliandika, lakini kwenye ukurasa wa nyuma, na hasomi kufika huko.

6. Mahakama ya ndoa. Mimi ni mtu wa ahadi zangu, kwa hiyo mwezi uliopita nilimchukua, tukaenda. Karani aliuliza kosa la mume. Nikaeleza habari ya njiwa, ya mazishi na ya miaka miwili ya kimya. Karani akamgeukia: "Pak Ngadiman, haya ni kweli?" Akajibu, "Siyakumbuki, lakini Yem hasemi uongo isipokuwa kuhusu tempe. Andika ni kweli." Karani akauliza kama anakubali kuachana. Akasema, "Sitaki. Lakini kama alikuwa ameshaamua kuondoka kabla sijaanguka, basi alibaki kwa hisani, na mtu wa hisani hazuiwi." Saa ikalia. Akaomba radhi, akajilaza kwenye benchi la mahakama. Karani alimtazama, akanitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Bu Wagiyem, mimi na mume wangu sote tuna akili timamu na hajawahi kunijibu hivyo." Faili akalirudisha kwenye kabati, akaniambia nirudi nikiwa na kosa jipya. Nimelitafuta mwezi mzima, Daktari. Anaangusha vijiko, analia akiona tangazo la mafuta ya kupikia, na njiwa amewagawa kwa majirani baada ya kuniuliza ni wa nani na wanatufaa nini. Hakuna hata moja ambalo karani angelipokea.

Kwa hiyo naleta maombi yangu, na naamini ni ya haki.

Kwanza, mfute yale maneno "amerejea katika maisha yake ya awali". Maisha yake ya awali nilikuwemo mimi, nayajua.

Pili, mumrudishe Ngadiman wa zamani, mzima mzima, na makosa yake yote. Kama ni vigumu kumrudisha moja kwa moja, nitaridhika na mchana mmoja. Nimwambie kuhusu Mama akiwa anakumbuka, aseme "Mmh" yake ya mwisho, nami niondoke kwa utaratibu kama nilivyopanga. Mmemfundisha mtu kutembea, kumeza na kuhesabu mpaka mia. Sioni kwa nini kumfundisha kunyamaza kuwashinde.

Tatu, kama yote mawili hayawezekani, mniandikie cheti chenye mhuri kwamba huyu ni mtu mwingine. Nitajua mwenyewe pa kukipeleka.

Nasubiri jibu lako kabla ya mwezi kwisha. Kitengo chote nakisalimu: Bi Laras na subira yake, yule kijana wa mazoezi ya viungo mwenye mikono baridi, wauguzi wa zamu zote mbili, na mpishi, ambaye namwomba apunguze chumvi. Mgonjwa wa kitanda cha tano kama bado yupo mwambieni Ngadiman anamwulizia, ingawa jina amelisahau. Mola awazidishie nguvu ya kufanya kazi yenu, hata pale mnapoifanya kupita kiasi.

Wako mlalamikaji, kwa heshima,

Wagiyem, mke wa Ngadiman
(kwa mkono wa Retno)

Baada ya sahihi: Retno amemaliza kuandika, ameweka kalamu chini na kuniuliza, "Mama, na wakikubali je? Wakimleta Jumatatu kwa gari la hospitali?" Nimekaa na swali hilo tangu asubuhi, na soya imeungua. Daktari, yule wa zamani kama mtampata huko kwenu, tafadhali msimlete. Akiuliza, mwambieni Wagiyem wa Sumberjati ameshaolewa.