Kadre Nyeusi ya Mama Kahongya

Jumatatu, tarehe 6 Agosti 2001. Butembo.

Ésaïe wa ng'ambo ya barabara amechora ndege kwenye ukuta wa studio yake. Ndege nzima, na ngazi. Tangu asubuhi watu wanapanga mstari wapigwe picha kama wanaopanda kwenda Ulaya, na hali hata kwenda Beni ni kuomba Mungu. Mimi nina pazia la maporomoko ya maji, na maji yenyewe yamefifia. Wateja wa leo: hakuna. Nilifagia studio. Nikaifagia tena.

Sikubali. Dirisha langu litasema. Nina picha ya Mama Kahongya wa mtaa wetu, muuza samaki anayewatoa Kyavinyonge, kule ziwani, aliyekuja kupigwa kwa ajili ya kadi ya wamama wa kanisa. Uso ule! Macho yanakutazama kama umemuibia. Aliniambia wazi: mbili ndogo, unipe mimi mwenyewe, hapana kuonyesha mutu. Niliitika ndiyo, mama. Lakini kuonyesha ni kuchukua picha na kumpelekea mutu. Dirisha halimpelekei mutu kitu. Mutu anapita mwenyewe. Tena mama yuko ziwani anatafuta samaki, hatarudi kabla ya Jumamosi.

Jumanne, tarehe 7.

Nimeikuza mpaka ikawa kubwa kama sinia. Kadre, fremu ya mbao, nilipata kwa Mathe, seremala wa masanduku ya maiti. Alikuwa na nyeusi tu. Sawa, nyeusi inapendezesha. Pembeni nikaweka maua ya plastiki yaliyobaki kwenye harusi ya mdogo wangu.

Mafanikio. Mwanaume wa kwanza kupita alivua kofia. Wamama wawili walisimama, wakashikana mikono, mmoja akalia. Sijawahi kuliza mtu kwa kazi yangu, isipokuwa wale waliotoka wamefumba macho. Mchana Ésaïe mwenyewe alivuka barabara, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema courage, yaani jipe moyo. Ameshindwa na anajua. Nilimuonea huruma kidogo.

Jumatano, tarehe 8.

Nimeharibu.

Kwa Mama Kahongya wamefunga bâche, turubai la kilio. Chorale ya kanisa inaimba, masufuria yako motoni. Nilimuuliza jirani nani amekufa. Aliniangalia kama mwenda wazimu, akasema ni mwenye nyumba, na kwamba mimi ndiye niliyetangaza.

Ningefikiri. Kwetu hapa picha kubwa yenye kadre nyeusi na maua hutembea mbele ya sanduku kwenda makaburini. Hatuna kazi nyingine nayo. Na wiki iliyopita risasi zilisikika upande wa ziwa, kwa hiyo nani angeshangaa? Pasta wetu aliuliza habari imetoka wapi, wote wakaonyesha dirisha langu.

Nilikimbia kuitoa picha. Mbaya zaidi. Wakasema imetolewa, basi mazishi ni kesho, wakaanza kuulizana maiti itafika saa ngapi.

Mbaya kuliko yote ni Léa, binti yake, anayekaa Mulekera kule Beni. Ana mimba kubwa. Wamemtumia habari kwa phonie, ile redio ya wafanyabiashara, naye amejibu kwamba anatoka kesho asubuhi kwa pikipiki. Barabara ile, wiki hii! Wenye silaha wanatoka porini wanasimamisha watu, na wengine hawafiki. Nilienda kwa Onésime, mwenye phonie, nikamuomba amwambie Léa abaki, mama yake ni mzima. Akasema betri imelala, tungoje jua la kesho liijaze.

Nikaamua kumwambia Pasta ukweli mbele ya wote. Nilifika mpaka chini ya bâche. Wakanipa sahani ya fufu, wakanishukuru kwa picha nzuri. Nilikula.

Alhamisi, tarehe 9.

Phonie iliamka, Léa ameshaondoka. Nilichukua pikipiki ya shemeji yangu Kamate, kamera shingoni kama kawaida, nikaelekea Beni. Wanaotoka huko walinipigia kelele nirudi. Sikurudi.

Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari akaniita yaka, yaani njoo, akaishika kamera, akauliza nani amenituma kupiga picha kambi yao. Nikasema sipigi kitu, nangoja mama mwenye mimba. Akafikiri. Akasema basi nimpige yeye, lakini bunduki isionekane, kwa sababu picha mama yake ataiona. Akaiweka bunduki nyuma ya jiwe, akafunga vifungo, nikampiga. Huyo angalau alijua anachotaka. Akaniachia nikae kando yake.

Jua likapanda. Kila pikipiki niliyosikia haikuwa yake. Niliomba kwa Kinande, nikaomba kwa Kifaransa. Mwishowe akaja, vumbi tupu, kitambaa cha kilio kichwani, mkono tumboni. Njiani wenye silaha waliwasimamisha, yeye na dereva, wakawanyang'anya mzigo na viatu, wakawaacha. Nilimwambia mama yake ni mzima na kosa ni langu. Aliketi chini, bila viatu, akalia, akacheka, akalia tena, jua likimpiga upande mmoja wa uso. Kisha akauliza nani alinipa ruhusa ya kutundika mama yake.

Jumamosi, tarehe 11.

Tuliporudi na Léa, Pasta alitangaza kwamba mama ni mzima. Watu wakagoma kuondoa bâche mpaka wamuone. Leo wamemuona. Nusu ya chorale ilikimbia. Waliobaki aliwapikia samaki.

Kisha akaja studio na Pasta. Alidai picha, alidai na filimu. Akaikata mwenyewe kwa makasi yangu. Hakupandisha sauti. Alisema uso ni wake. Ningemuuliza angekubali, tena angevaa kitenge kipya, na mtoto wake asingekanyaga barabara ile. Nililia kweli. Niliweka mkono juu ya Biblia ya Pasta, nikaapa sitatundika mtu tena bila kumuuliza.

Jumapili, tarehe 12.

Kanisani wote walinigeukia. Dirisha langu ni tupu. Ésaïe ameongeza ndege ya pili.

Mchana niliosha filimu ya Alhamisi, kwa ajili ya picha ya yule askari. Baada ya askari, Léa. Sikumbuki kubonyeza, kidole kilifanya chenyewe. Amekaa mavumbini, machozi na kicheko pamoja, mkono tumboni, jua upande mmoja. Sijawahi kupiga picha kama hii, na sitapiga nyingine.

Niliapa kuuliza na nitauliza. Lakini Léa anapumzika kwa mama yake, na mwenye mimba hasumbuliwi. Nitamuuliza akishaiona dirishani.

Na kosa langu nimeshalijua. Kesho asubuhi Mathe ananipakia kadre rangi nyeupe. Maua siweki.