Jino Lenye Ladha ya Karafuu

Jamani, leo nimeaibika mpaka sijui Sabato ijayo nitaingia kanisani kwa mlango upi. Nawaandikia ninyi wenzangu wa chuo cha ualimu kwa sababu mko mbali na Marani, na mkicheka sitawasikia.

Mnaujua ugonjwa wangu wa mawe. (Mlinivumilia bwenini na yale masanduku chini ya kitanda, Mungu awabariki.) Siku hizi nimepata wagonjwa wenzangu wawili. Wa kwanza ni Ombati, karani wa kiwanda cha majani chai kule Itumbe, Mkatoliki, mtu wa maneno mengi. Wa pili ni Bwana Jayanti, mwenye duka la vitambaa mjini Kisii, ambaye ana kioo cha kukuza na vitabu vya picha. Sisi watatu tunatafuta visukuku, yaani mifupa na majani ya zamani sana yaliyogeuka mawe. Majirani wanatuita watu wa kokoto.

Tumehangaika muda mrefu kupanga safari ya Karungu, kule upande wa ziwa, ambako mvua ikinyesha makorongo yanamwaga mifupa ya wanyama ambao hakuna mtu aliyewaona. Ruhusa ya serikali tunayo. Chakula tumegawana nani alete nini. Siku ya kwenda ndiyo iliyotutoa jasho. Mimi Jumamosi ni Sabato. Ombati Jumapili ana misa. Bwana Jayanti siku za kazi hafungi duka hata akiugua. Tumebishana mpaka karibu tuvunje urafiki, ndipo tukaiona Jumatatu ya Pasaka, sikukuu ambayo hata duka la Bwana Jayanti hufungwa. Kikabaki kitu kimoja tu: gari. Basi haliingii kwenye makorongo. Na mtu wa hapa kwetu mwenye pikapu inayoiweza njia ile ni mmoja, naye ni baba mkwe wangu.

Mzee wa kanisa. Msafi. Mkimya. Pikapu yake haijawahi kubeba kitu kingine ila ndizi, majani chai na maiti. Mume wangu, Nyakundi, amembembeleza wiki nzima, na jibu likaja hivi: "Jumapili alasiri nitapita hapo. Nataka kusikia kwa masikio yangu kama mnakijua mnachokitafuta. Kama ni mchezo wa mawe, gari langu litakaa nyumbani." Mvua kubwa ziko karibu. Akikataa leo, safari imekufa mpaka mwaka ujao. Usiku wa jana sikulala vizuri, nasema kweli.

Wale ambao si Wakisii niwaeleze jambo, la sivyo hamtaelewa ukubwa wa msiba wangu. Kwetu kuna chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mke wa mwana na baba mkwe hawashikani mikono, hawatazamani usoni, na neno la huku kwenda kule hupitia kwa mume. Tangu niolewe, yule mzee hajanisemesha mimi mwenyewe hata mara moja. Navijua viatu vyake kuliko uso wake.

Basi leo nikapanga mambo kwa akili. (Akili zangu!) Kiti cha mzee nikakiweka nje, chini ya upenu, karibu kabisa na mlango ulio wazi. Yeye nje, sisi ndani, kila neno analisikia. Hapo nje, kando ya mlango, nikaweka kigoda, na juu yake sinia la wenzangu kuwekea walivyookota. Sisi tuna utaratibu wetu: kila mtu hufunga kitu chake kwa gazeti, anakiweka kwenye sinia bila kusema ni cha nani, kisha mmoja wetu anafungua na kutoa hukumu. Mwenye kitu hukaa kimya mpaka hukumu itoke. Leo mwamuzi nilikuwa mimi, kwa hiyo sikuweka chochote.

Bwana Jayanti akafika, akaweka chake. Ombati akafika kutoka misani, akaweka chake. Kisha nikasikia pikapu.

Nikainamisha kichwa. Nikaviona viatu. Vilikuwa na vumbi la mjini, nikashangaa kidogo, lakini kushangaa si kuuliza. Nyakundi akammiminia maji ya kunawa.

"Tata," akamwita baba yake, "habari ya safari?"

"Mm."

"Tukuletee chai?"

"Mm-mm."

Amekataa chai! Mzee aliyekataa chai Kisii hii amekuja na hukumu yake mfukoni. Ombati alinitazama kama mtu aliyeona jeneza lake likipimwa. Nyakundi akaingia na lile sinia, akaninong'oneza, "Anza. Sema kwa sauti. Leo hana furaha."

Nikaanza. Kifurushi cha kwanza kilikuwa bapa la jiwe lenye alama ya jani, kila mshipa unaonekana. Nikalieleza kwa sauti ya darasani, nikigeukia mlango. Kutoka nje: "Mm." Sikujua kama ni mm ya kukubali au ya kusinzia.

Kifurushi cha pili kilikuwa kipande cheupe kama mfupa. Hapa nikaeleza ule mtihani wetu wa ulimi. Mfupa wa kale una vitundu vidogo vidogo, ukiugusa kwa ulimi unanata. Jiwe la kawaida halinati. Bwana Jayanti hali nyama, kwa hiyo kulamba ametuachia mimi na Ombati. Nikalamba. Hakikunata.

"Jiwe!" nikatangaza. "Sisi hatudanganyiki!"

Ombati akanuna (lilikuwa lake). Nyakundi akachungulia nje, akarudi akitikisa kichwa. Nikamwomba Mungu, ndiyo, nilimwomba kabisa, kile cha tatu (nilidhani mmoja wao ameleta viwili) kiwe kitu cha maana.

Nikafungua kifurushi cha tatu.

Jino!

Jino zima, na mizizi yake, kubwa, la rangi ya hudhurungi. Nikamtazama Ombati nikidhani ni lake. Ombati akamtazama Bwana Jayanti akidhani ni lake. Bwana Jayanti akanitazama mimi. Kwa utaratibu wetu hakuna aliyefungua mdomo.

Nikalilamba.

Nikalilamba mara ya pili, taratibu, ili nyumba nzima ione kazi.

"Linanata kidogo," nikasema kwa sauti kubwa kuelekea mlangoni. "Na lina ladha ya... ya karafuu."

"Karafuu?" Ombati akauliza.

"Ni chumvi za ardhini," nikamjibu upesi. (Chumvi za ardhini! Na watoto wa watu ninawafundisha.)

Bwana Jayanti akaomba aangalie kwa kioo chake. Akaangalia sana. "Mwalimu," akasema polepole, "hapa pana tundu. Naona limeoza. Na hapa kuna kitu cheupe kimeshika, kama pamba."

"Mizizi ya mimea. Na kuoza, Bwana Jayanti, wanyama wa kale hawakuwa na miswaki."

Ombati akacheka. Hapo nikapata nguvu. Nikasimama katikati ya sebule yangu, jino juu, nikatoa hotuba ambayo naomba Mungu aifute katika vitabu vyake.

"Huyu alikuwa mnyama mzee sana! Tazameni lilivyolika upande mmoja, alikuwa anatafuna kama anayegombana na chakula. Kwa umbo hili, mimi nasema ni nguruwe. Nguruwe dume, mzee, mwenye afya mbaya ya kinywa!"

Kiti cha nje kikalia. Safari hii hapakuwa na mm.

"Nipe na mimi nionje," Ombati akasema, akatoa ulimi.

"Mwalimu."

Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu mwenye chakula mdomoni. Nikageuka kuona nani ameniita. Nyakundi alikuwa amekauka. Ile sauti ilitoka nje, na haikupitia kwa mtu.

"Mwalimu," sauti ikarudia, kwa Kiswahili, ili hata Bwana Jayanti asikose. "Hilo jino ni langu. Daktari wa misheni amenitoa leo asubuhi. Nililiweka hapo kwenye sinia nikinawa mikono."

Jamani.

Lile vumbi la mjini kwenye viatu. Ile chai iliyokataliwa. Zile mm. Na ile karafuu, dawa ya meno! Mzee alikuwa na pamba mdomoni na shavu limevimba kama andazi, na mtu aliyemtazama usoni kwa makini angejua. (Nyakundi aliliona shavu, akadhani amenuna.) Lakini mimi ni mkwe mwenye heshima, mimi natazama viatu! Naye kwa heshima hiyo hiyo hakuweza kuingia kuninyang'anya. Na jino lenyewe alikuwa halitupi, maana kwetu mtu halitupi jino lake ovyo likaangukia mikono isiyomtakia mema. Analizika mwenyewe nyumbani kwake. Alilifunga kwa gazeti alibebe salama, likaangukia ulimi wangu.

Mtu ambaye siruhusiwi kumpa mkono. Nimemlamba jino. Mara mbili. Kisha nikamwita nguruwe, yeye Msabato ambaye hata neno hilo halitamki mezani.

"Mimi bado sijalamba!" Ombati akapiga kelele kuelekea nje. (Rafiki wa kweli.)

Nikabaki na jino mkononi. Kumpelekea siwezi. Kuliweka chini siwezi. Nikalifuta kwa leso yangu, nikampa Nyakundi bila kumtazama, naye akalipokea akiwa ameuma midomo. Sikujua kama anakaribia kulia au kucheka, na sikutaka kujua. Akatoka nalo. Nikasikia viatu vikienda, mlango wa pikapu ukifungwa. Hakuna aliyeaga.

Tukakaa sisi watatu. Bwana Jayanti akakikunja kioo chake ndani ya kitambaa, taratibu sana. "Labda," akasema, "tutafute punda." Macho yalinijaa, nawaambia ukweli. Haikuwa aibu peke yake. Niliyaona yale makorongo ya Karungu yakizama kwenye mvua, na mimi nimekaa Marani na kokoto zangu.

Nyakundi alirudi baada ya muda mrefu. Akasimama mlangoni.

"Nimemuuliza faini ni nini," akasema. "Mbuzi, kuku, chochote. Amesema hajui. Amewaza mpaka amechoka. Anasema baba mkwe kulambwa jino, hata wazee wa zamani hawakuacha sheria yake, kwa sababu hawakufikiria kama itatokea."

"Na gari?" nikauliza.

"Gari mtapata."

Ombati akaruka. Nyakundi akainua mkono.

"Ila ataendesha mwenyewe. Anasema nguruwe dume mzee hawezi kuwaachia watu kama ninyi usukani wake. Na mwalimu atakaa nyuma, kwenye ndizi, ulimi ndani."

Kisha akashindwa kujizuia, akakaa chini kwenye kizingiti akacheka mpaka akashika mbavu. Bwana Jayanti naye akaanza, kimya kimya, mabega yanatikisika. Hata mimi, nitasema nini, nilicheka huku nalia, maana tulipata gari.

Kwa hiyo Jumatatu ya Pasaka tunakwenda Karungu, na mimi nitakuwa nyuma ya pikapu, macho kwenye viatu vyangu mwenyewe. Nimesukutua kwa maji ya chumvi, kwa chai, hata kwa ndimu. Ladha haitoki. Mkija kunitembelea mniletee zawadi yoyote mtakayo, isipokuwa karafuu.