Mkunga Ametuharibia Uchaguzi Mdogo wa Lumangbato

Kwa Afisa wa Uchaguzi,
Wilaya ya Pili, Lumangbato.

Mheshimiwa,

YAH: MTU ASIYE WA UKOO KUGOMBEA KITI CHA UKOO

Ni matumaini yangu u mzima wa afya. Sisi huku Dulong Tulay hatujambo, ila binti yangu Marivic mimba imefika ukingoni, mvua haikatiki na mto umefura. Lakini hayo ni ya nyumbani. Nakuandikia kama Mwenyekiti wa Kamati ya Makofi ya kijiji, kazi niliyorithi kwa mama yangu, na moyo wangu una uchungu.

Kama ujuavyo, mbunge wetu, Mheshimiwa Teofisto Escabarte, alianguka akafariki akicheza densi kwenye sikukuu ya mtakatifu wetu. Mungu amlaze pema. Kiti kikabaki wazi, nanyi mkaitisha uchaguzi mdogo. Sisi hatukuwa na wasiwasi. Kabla yake alikikalia baba yake, kaka yake ndiye gavana, mwanawe ndiye meya, kwa hiyo safari hii ni zamu ya mjane wake, Doña Encarnita. Mabango yake yalitundikwa hata jeneza halijatoka kanisani. Mara, loo! Mkunga wa zahanati, Editha Lumbre, naye akaja kwako na fomu, na wewe ukaipokea! Malalamiko yangu ni haya:

1. Mkunga huyu hajui undugu. Marehemu alikuwa ninong wetu sote, yaani msimamizi wa ndoa zetu na baba wa ubatizo wa watoto wetu. Harusi yangu ilisimamiwa na baba yake, ambaye tulimngoja mpaka keki ikaingiwa na siafu. Ya Marivic, marehemu alibanwa na shughuli akatuma sanamu yake ya kadibodi. Ikasimama kando ya bwana harusi, na padri, macho yake si mazuri, akaipa mkono. Sasa mtu aliyekusimamia ndoa utamnyimaje kura mjane wake? Kwetu kura ni ya ninong, wewe umeshikishwa tu.

2. Ushindani wenyewe si wa haki. Doña Encarnita anatujua kwa majina anayonong'onezwa na msaidizi wake. Editha je? Amewapokea watoto wa wilaya nzima kwa mikono yake, kabla ninong hajapata hata habari. Anajua nani alizaliwa na baka kwenye tako, na baadhi yao leo ni madiwani. Sheria yenu haikuliona hilo.

3. Rangi! Shule, kiwanja cha mpira wa kikapu, gari la wagonjwa na choo cha soko, vyote vimeandikwa ESCABARTE. Mlango wa choo una picha ya marehemu akitabasamu, na wazee wetu huvua kofia kabla ya kuingia. Mkunga akishinda, nani atavipaka upya?

4. Nakuja kwenye daraja, maana hapa ndipo niliposhikwa na hasira kabisa. Kila uchaguzi ukoo hutuongezea nguzo moja. Daraja limetoka upande wa mjini, limefika katikati ya mto, likasimama, na sisi huruka kutoka hapo na kumalizia kwa chelezo cha mianzi. Wenye midomo husema tunachezewa. Tunachezewa nini? Likiisha, Doña Encarnita atakuja kutuahidi nini? Lakini Editha alisimama sokoni akasema, "Jamani, mkinichagua, daraja litafika ng'ambo. Basi. Sina jingine." Ati hana jingine! Hakucheza densi wala hakurusha pipi. Kamati yangu ilikaa mikono mapajani, haikujua ipige makofi wapi. Nilipomlalamikia Marivic, akashika kiuno akanijibu, "Nanay, huyu mtoto akitaka kutoka na mto umejaa hivi, nitavukia juu ya ahadi?" Vijana wa leo hawana subira.

5. Kwa hiyo naomba jina la mkunga lifutwe, na uchaguzi ufanyike nyumbani kwa Escabarte, mezani, baada ya supu. Matokeo yatapatikana kabla ya matunda, nanyi mtapumzika. Sisi mtupake tu wino kidoleni, majirani wasiseme hatukupiga kura.

Nisalimie mkeo, walinzi, na yule binti wa dirishani mwenye kikohozi, mwambie anywe tangawizi. Kamati yote inakusalimu kwa kusimama.

Wako katika makofi,
Honorata Macaspac

N.B. Mheshimiwa, bahasha nilikuwa sijaifunga, uchungu ukamshika Marivic. Tulivuka kwa chelezo tukinywa maji ya mto. Tulipompandisha kwenye ncha ya daraja, mtoto akakataa kungoja tufike mjini. Editha alisikia mayowe yetu, akaja mbio kutoka zahanati ya mjini, peku, mkoba kichwani, mvua ikimtwanga. Juu yetu lilikuwepo bango la Doña Encarnita: DARAJA HILI NI ZAWADI YANGU KWENU. Nililikata mwenyewe kwa kisu nikamfunika binti yangu. Nililia, sikufichi. Nilidhani nawapoteza wote wawili.

Ni msichana, ana mapafu ya mwanasiasa. Doña Encarnita ametuma salamu kwamba atakuwa mama yake wa ubatizo, na ameambatanisha kadibodi. Tumemjibu kwa heshima kwamba tumeshapata mtu.

Barua hii ningeichana, ila stempu nimeshaibandika. Wewe ichane. Nijibu moja tu: kile kiduara kilicho kando ya jina la Lumbre, mtu akikijaza kwa nguvu hadi karatasi itoboke, kura inahesabiwa? Kamati nzima ya Makofi inauliza.