Baba wa Mchumba

Leo nimevuliwa nguo hadharani. (Nguo ninazo, ni ile kaunda suti ya kijivu. Kilichovuliwa ni heshima.)

Mnajua tangu mke wangu afariki, huu mwaka wa sita, naishi peke yangu hapa Soweto, Mbeya. Msichojua ni kwamba nimekuwa nikiandikiana barua na mwalimu mmoja wa Kalenga kule Iringa, mjane, jina lake Agripina. Tulifahamiana gazetini, kwenye safu ya marafiki wa kalamu. Akaomba picha, nikamtumia. (Nzuri sana. Niliipiga nikiwa na miaka ishirini na tisa. Sasa nina hamsini na moja.)

Leo akaja Mbeya. Nikampokea stendi. Akashuka kwenye basi, akaniangalia, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," nikajibu. Mdomo una mazoea yake.

"Bila shaka wewe ni baba yake Asajile. Mmefanana pua."

Mwanamume angesema kweli hapo hapo. Mimi nikasema, "Ndiyo. Kijana ameitwa kazini ghafla."

Nikampeleka hotelini kwa Mama Sekela, tukala ndizi na nyama. (Kwetu Tukuyu mke wa mtoto hakutani na baba mkwe hata njiani. Mimi nilikuwa namkatia nyama.)

"Mwanao ni mpweke," akaniambia. "Ameniandikia kwamba jioni anafungua redio ili nyumba isikie sauti ya mtu."

Nikaziangalia ndizi.

"Na wewe, baba, unaishi na nani?"

"Peke yangu."

"Sasa mbona hamkai pamoja?"

Nilikuwa bado natunga jibu Mama Sekela alipoleta chai. "Asajile, ndiye huyu mgeni wako wa barua? Wiki nzima umetuchosha kwa habari zake."

Agripina akatoa picha mkobani. Akaitazama, kisha akanitazama mimi.

"Na huyu kijana yuko wapi?"

"Amezeeka, mwalimu."

Akaiweka picha mezani. Halafu akacheka mpaka akashika meza. Wapishi wakatoka jikoni kuja kuniona.

"Nirudishie shikamoo yangu," akasema.

Nikairudisha. Mzee mzima, mbele ya wateja, nikamwamkia mtu niliyemzidi miaka tisa. Akaitikia bila haya.

Ameenda kulala kwa dada yake. Kesho saa nne nimeitwa chai huko, na nasikia dada mtu ana maswali.

Nyinyi mkikutwa mnacheka, semeni yamempata mtu wa Iringa, si mimi.